Limeshindikana

Neno lenyewe lilinifikia kwa simu, saa nne asubuhi, mafuta ya chapati yakiwa yameshapata moto. "Dada yangu, lile suala letu limeshindikana kwa sasa." Suala hilo lilikuwa kazi ya mkataba wa miezi sita, kutafsiri nyaraka za ofisi moja ya umma, zile ambazo haziachwi mezani mtu anapokwenda kunywa chai. Fomu nilishazijaza: shule zote tangu darasa la kwanza, ndugu walioko nje ya nchi, wadhamini na anwani zao. Nikauliza nani amekataa, na kwa sababu gani. Afisa akarudia neno lake polepole, kama anayemsomesha mtoto silabi: li-me-shi-ndi-ka-na.

Niliudhika kwa sababu ya sarufi kabla ya kuudhika kwa sababu ya fedha. (Nimetia chumvi, fedha nazo ziliuma.) Kauli ya kutendeka ndiyo anayokimbilia mtoto mbele ya vigae vya kikombe: hasemi nimekivunja, anasema kimevunjika. Kikombe kimejimaliza chenyewe. Na suala langu vivyo hivyo.

Zoezi zima la kumchunguza mwombaji mtaani tunaliita vetingi, na kwenye karatasi ni upekuzi. Neno hili la pili nalipenda kwa ukweli wake. Mpekuzi wa kwanza ni kuku: miguu inarusha takataka nyuma, shingo inainama, mdomo unadonoa, na hajui anatafuta nini mpaka akione. Wiki chache kabla ya simu ile, jirani yangu muuza maandazi aliniambia walipita vijana wawili wenye mashati yaliyonyooshwa vizuri, wakanunua maandazi manne, wakauliza kama huwa napokea wageni usiku. "Nikawaambia wageni wake ni mbu tu," akasema, akicheka. Katika maongezi ya kawaida, mpekuzi ni mtu asiye na adabu, yule anayesoma ujumbe kwenye simu ya mwenzake. Sijui neno jingine la utovu wa adabu lililopanda cheo namna hii.

Wenzetu wa Kenya wamechagua msasa. Baada ya Katiba ya 2010, walioteuliwa kushika nyadhifa kubwa hufika bungeni kupigwa msasa, na mwaka 2011 sheria ikaunda bodi nzima ya kuwapiga msasa majaji na mahakimu. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kulainisha mbao kabla karatasi ya dukani haijachukua jina hilo. Lakini Tanzania, anayepigwa msasa amehudhuria semina na kurudi na cheti. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kufungua gazeti la Nairobi akadhani majaji walikwenda kunolewa wakapewa na posho. Tena fundi hapigi msasa ubao alioukataa. Huupiga ule anaotaka kuutumia. Neno limekuwa la upole kuliko kazi yake. Waingereza, kwa upande wao, walilitoa neno lao kwa daktari wa mifugo anayemkagua farasi. Basi mmoja kuku, mwingine ubao, wa tatu farasi.

Kinachotafutwa kwa taabu yote hiyo ni kibali. Ni ndugu wa kubali, na kanisani hutajwa sana: fulani amepata kibali mbele za Mungu. Kibali hakidaiwi, mtu hupewa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema karibu hivyo hivyo mwaka 1988: hakuna mwenye haki ya kudai kibali cha usalama. Mchungaji angewaambia hayo bila kesi.

Huko huko Marekani, mwaka 1954, alinyimwa Robert Oppenheimer, aliyeongoza maabara ya Los Alamos iliyounda bomu la atomiki. Wakati huo alikuwa mshauri tu wa Tume ya Nishati ya Atomiki, na mkataba wake ulikuwa unaisha Juni 30. Tume ilipiga kura Juni 29, wanne kwa mmoja: asirudishiwe kibali. Walikuwa wanamnyang'anya kitu chenye uhai wa siku moja. Jopo lililomhoji kabla ya hapo lilikiri kwamba anaipenda nchi yake na anajua kutunza siri, kisha, wawili kwa mmoja, likapendekeza anyimwe. Nimejaribu mara nyingi kuutafsiri uamuzi huo, na Kiswahili kila mara hunipa maneno mawili tu: mwaminifu asiyeaminika. Shina ni moja, amini. Uaminifu ni wangu, naweza kuulinda hata nikiwa peke yangu chumbani. Kuaminika kumo mikononi mwa wengine, na kumekaa palepale kwenye -ika, kauli ya kikombe. Mwaka 2022 Wizara ya Nishati ya Marekani iliubatilisha uamuzi ule. Mwenyewe alikuwa ameshafariki, tangu 1967.

Yeye walau alijua hesabu ya kura.

Jioni nilipita kwa jirani kununua maandazi. Akafuta mikono kwenye kanga, akanifungia matano kwa bei ya manne. "Wale vijana wako," akauliza, "ile kazi wamekupa?"

"Imeshindikana," nikamwambia.

"Nani kakataa?"

Nikahesabu chenji.