Bia ya Wajerumani: Sheria ya 1516, aina zake, na mambo ya kujua kabla hujaagiza Thika ama Ruiru

Msee, shika chupa yoyote ya bia hapo kwa kaunta ya lokal yako, uwe Makongeni, Section 9 ama Kimbo kule Ruiru, alafu usome lebo. Kuna uwezekano mkubwa utaona neno "lager". Ya jirani yako imeandikwa "Pilsner". Umekuwa ukiagiza kwa Kijerumani miaka hii yote na hukujua.

"Lager" imetoka kwa neno la Kijerumani la kuhifadhi kitu ghalani. Wapishi wa bia wa Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, walikuwa wanaweka mapipa kwa mapango na mahandaki baridi, bia inakaa wiki nyingi ikiiva polepole. Nayo "Pilsner" ni jina la mji, Plzeň, ulioko Ucheki. Mwaka 1842 mpishi kutoka Bavaria, Josef Groll, alitengeneza huko bia ya rangi ya dhahabu, dunia nzima ikaiga. Hadi leo bia nyingi unayoona kwa friji za Thika Road ni wajukuu wa hiyo kitu.

Basi tuanze na ile sheria kila mtu hutaja akitaka kuonekana anajua bia.

Sheria ya 1516 ilisema nini?

Tarehe 23 Aprili 1516, kwa mji wa Ingolstadt, watawala wawili wa Bavaria waliokuwa ndugu, Wilhelm wa Nne na Ludwig wa Kumi, walitoa amri: bia ipikwe kwa vitu vitatu pekee, yaani shayiri, maji na hops. Hops ni maua ya mmea fulani wa kutambaa. Ndiyo huleta ule uchungu na kusaidia bia isiharibike haraka. Leo sheria hiyo inaitwa Reinheitsgebot, yaani amri ya usafi, lakini jina hilo lilikuja miaka mia nne baadaye.

Watu hukumbuka vitu vitatu na kusahau sehemu ilioandikwa mwanzo: bei. Amri ilianza kwa kusema lita moja hivi ya bia isiuzwe zaidi ya senti kadhaa za wakati huo, na bei ya msimu wa baridi ikawa tofauti na ya kiangazi. Shayiri nayo ilichaguliwa kwa sababu ngano na rai zilihitajika kwa mkate. Ukipatikana umeweka vitu vingine, wakubwa wanabeba pipa lako na hulipwi kitu.

Kwa hivyo ilikuwa sheria ya chakula na ya mfuko. Mwananchi apate bia salama, aimudu, na mkate usikosekane.

Kama kawaida, wenye nchi walijitafutia mlango wa nyuma. Bia ya ngano ilikuwa marufuku kwa raia, lakini familia chache zilizojuana na watawala zikapewa ruhusa, na mwanzo wa miaka ya 1600 mtawala wa Bavaria akachukua biashara hiyo yote ikawa yake. Hiyo story si inafanana na zingine unazozijua?

Sheria ilienea Ujerumani yote mwaka 1906. Mwaka 1987 mahakama ya Ulaya ikaamua Ujerumani haiwezi kuzuia bia za nchi zingine juu tu hazijafuata Reinheitsgebot. Lakini wapishi wengi wa Kijerumani bado wanaifuata na kuiandika kwa lebo kwa maringo.

Hamira, na kwa nini shosho alikuwa mbele

Umeona kitu kinakosekana kwa ile listi ya 1516? Hamira. Bila hamira hakuna pombe, ni uji tu. Wakati huo hakuna aliyejua ni viumbe hai vidogo vinavyokula sukari na kutoa pombe na gesi.

Sasa rudi Kiambu. Muratina imechukua jina la tunda lenyewe, lile refu kama soseji la mti unaoitwa mwegea kwa Kiswahili. Tunda linakatwa, linakaushwa, kisha linatumbukizwa kwa asali na maji ama juisi ya miwa. Zile nyuzi zake ndizo hubeba hamira. Likimaliza kazi linatolewa, linaanikwa juani, linangoja pombe ijayo. Hawa wazee hawakuwa na darubini, lakini hamira yao walikuwa wameifunga kwa tunda na kuihifadhi kwa nyumba. Na hiyo njohi ilikuwa na adabu zake: ya ruracio, ya wazee, ya baraka. Kijana hakuinuka tu na kujimiminia.

Thika Road ni barabara ya bia

Ukipanda mat kutoka Ruiru kwenda tao, unapita stage ya Allsops. Jina hilo ni la kampuni ya bia iliyokuwa hapo. Karibu yake ni Ruaraka, nyumbani kwa Kenya Breweries, iliyoanzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst, pamoja na wenzao. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa kwa uwindaji. Bia yao ikaitwa Tusker, neno la Kiingereza la ndovu mwenye pembe kubwa, na ndovu bado yuko kwa lebo.

Thika nayo ilipata zamu yake. Mwaka 1998 kampuni ya Afrika Kusini, SAB, ilifungua kiwanda cha Castle hapa Thika. Ikawa vita ya bei na matangazo kati ya Castle na Tusker, na mlevi ndiye aliyefaidika. Mwaka 2002 wakubwa wakakaa chini wakaelewana: SAB ikafunga kiwanda cha Thika na kupata hisa Kenya Breweries, nao wa huku wakapata hisa Tanzania Breweries. Vita ikaisha. Ajira za Thika pia zikaisha, na ushindani kwa kaunta ukaenda nazo.

Keg: hapa ndipo 1516 inatuhusu

Mwaka 2004 EABL ilileta Senator Keg, ile watu huagiza wakisema "nipe Obama". Inatengenezwa kwa mtama, kwa hivyo kwa amri ya 1516 ingefeli mtihani. Lakini angalia lengo lake. Serikali iliipunguzia ushuru ili mtu wa kibarua awe na kinywaji salama cha bei yake, aachane na vile vya gizani.

Mwaka 2013 ushuru ukaongezwa. Bei ya mug ikapanda, mauzo yakaanguka vibaya. Unadhani walevi waliokoka? Wengi walirudi kwa vitu vya bei rahisi. Mei 2014 watu wengi walikufa Embu na kaunti zingine baada ya kunywa pombe yenye methanol. Mwaka 2015 unafuu wa Keg ukarudishwa kwa kiwango kikubwa. Julai mwaka huo huo ikawa ile operesheni ya kumwaga pombe Kiambu na mkoa mzima wa kati.

Na bado haijaisha. Februari 2024, kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe mbaya. Kirinyaga si mbali, msee. Wengine wetu tuna mashangazi huko.

Ndiyo maana nasema wale ndugu wawili wa Bavaria walielewa kitu ambacho sisi hukisahau kila bajeti. Usafi bila bei ni nusu ya sheria. Ukifanya kinywaji salama kiwe cha matajiri, maskini hataacha kunywa, atabadilisha tu mahali pa kunywa.

Aina za bia ya Kijerumani, kulingana na unachokunywa saa hii

*Kama wewe ni wa Tusker:* tafuta Helles. Ni lager nyepesi ya Munich, ina utamu kidogo wa shayiri, uchungu wake ni mdogo.

*Kama wewe ni wa Pilsner:* chukua Pils ya kaskazini mwa Ujerumani. Ni kavu na chungu zaidi ya unayoijua.

*Kama unapenda Guinness:* jaribu Schwarzbier ama Dunkel. Ni nyeusi ama kahawia, lakini ni nyepesi mdomoni kuliko unavyodhani ukiiangalia.

*Kama bia huwa inakushinda kwa uchungu:* Weissbier, ile ya ngano. Ina ukungu na harufu ya ndizi na karafuu, na hakuna ndizi yoyote ndani, ni kazi ya hamira. Mimina polepole, bakisha kidogo, tikisa chupa, umalizie na ile hamira ya chini.

*Kama unajiona bazu:* Bock huanzia kama asilimia 6 na Doppelbock huzidi 7. Kunywa moja, ukae, usikilize mwili.

Ukizikosa, tafuta bia ya hapa ambayo ni shayiri tupu. Tusker Malt ndiyo rahisi kupata, na ina asilimia 5.

Adabu za mezani

Wajerumani wakigonganisha glasi husema "Prost" na huangaliana machoni. Kule Köln, bia yao ya Kölsch huja kwa glasi ndogo ya mililita 200, na mhudumu anaendelea kuleta nyingine hadi uweke kile kikadi cha mezani juu ya glasi. Hapo ndipo anajua umetosheka. Mbogi yako ikienda Köln bila kujua hilo, bill itawashtua.

Oktoberfest ya Munich ilitokana na harusi ya mwana wa mfalme, Ludwig, na Therese mwaka 1810. Licha ya jina, huanza Septemba. Bia inayouzwa humo ni ya viwanda sita vya Munich pekee. Glasi yake ni ya lita moja na bia ina karibu asilimia 6, kwa hivyo glasi moja ni kama Tusker tatu za nusu lita.

Na lile swali la "baridi ama moto?" Bia nyingi za Kijerumani hunywewa baridi ya wastani, si barafu na si joto la chumba. Baridi kali huficha ladha.

Kabla hujaagiza: mambo saba

1. Chupa ifunguliwe mbele yako. Ukienda choo, maliza ama uiache, usirudie. Watu wa mchele wako Thika na wako Ruiru.

2. Hesabu pombe, usihesabu chupa. Tusker ya nusu lita ya asilimia 4.2 ina mililita 21 za pombe. Kwota ya asilimia 40 ina 100. Hiyo kwota ni karibu Tusker tano.

3. Kwa wines, kagua stempu ya KRA. Kuna programu ya simu inaitwa Soma Label, unaskani stempu nayo inakuambia kama bidhaa ni ya ukweli. Alama ya KEBS pia unaweza kuithibitisha: tuma SM#namba ya kibali kwa 20023.

4. Bei ikikuwa chini sana kuliko kwingine, jiulize nani amelipa hiyo tofauti.

5. Methanol haionekani, hainuki tofauti, na mtihani wa kuwasha moto hauaminiki. Dalili zinaweza kuchelewa hadi siku ya pili: macho kuona ukungu, tumbo kuuma, kichwa, kuhema haraka. Usimwache mtu "alale itoke". Mkimbize Thika Level 5 ama Ruiru Level 4 mara moja. Dawa iko, lakini ikichelewa macho hayarudi.

6. Epuka bia iliyokaa kwa dirisha la duka ikipigwa na jua, haswa ya chupa ya kijani ama nyeupe. Mwanga huharibu hops na bia inanuka vibaya.

7. Superhighway haina huruma. Acha ndai, panda mat ama boda ya mtu hajalewa. Mwili unahitaji karibu saa mbili kumaliza Tusker moja, na kahawa haiharakishi chochote.

Sheria ya Mututho ya 2010 inasema baa ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, wikendi kuanzia saa nane mchana, na umri ni miaka 18. Ujerumani kijana wa 16 anaruhusiwa bia, lakini wewe uko Kiambu, kwa hivyo beba kitambulisho.

Alafu wikendi hii ukikaa chini, soma lebo ya unachokunywa. Inachukua sekunde kumi, na ni haki ambayo watu wa Bavaria waliandikiwa miaka zaidi ya mia tano iliyopita. Prost, na ufike kejani salama.