Maabara ya biolojia ilikuwa wazi

Kama ulisoma fizikia kidato cha tano, sheria ya Newton ya upoaji unaikumbuka. Erasto Mpemba alifundishwa hiyo hiyo Mkwawa, Iringa. Shida ni kwamba mwaka 1963, akiwa Magamba, aligombania nafasi kwenye friza, akaingiza maziwa ya aiskrimu yangali moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake. Mwalimu akamjibu kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba.

Siku moja akakuta maabara wazi, tena ya biolojia! Akajaribu kwa bika mbili za maji. Ya moto ikatoa barafu zaidi. Denis Osborne alipokuja kuhadhiri shuleni akamuuliza, wenzake wakacheka. Osborne akaagiza jaribio lirudiwe Dar es Salaam. Makala yao ilitoka 1969, na wanafizikia bado wanabishana.