Mamlaka Yasiyo na Kiboko: Usomaji wa Riwaya Fupi ya Muriel Spark

Mijadala kuhusu matumizi mabaya ya mamlaka shuleni huelekea kuanzia na kuishia kwenye viboko, kwa sababu kiboko huacha alama inayoweza kuonyeshwa kwa mzazi, kwa daktari au mahakamani. Riwaya fupi ya Muriel Spark, The Prime of Miss Jean Brodie, iliyochapishwa mwaka 1961, inamhusu mwalimu ambaye nguvu zake hazitegemei kiboko, na huenda ndiyo maana husomwa vibaya kwa namna mbili: wanaovutwa na ucheshi wake humwona mwalimu jasiri aliyeonewa na shule yenye mawazo finyu, ilhali wanaochukizwa na siasa zake hudhani kwamba kuondolewa kwake ni haki iliyotendeka. Usomaji wa aina zote mbili unapuuza jinsi riwaya yenyewe ilivyosukwa.

Hadithi inatukia Edinburgh, Uskoti, katika miaka ya 1930, kwenye shule ya wasichana ya Marcia Blaine, ambayo Spark, mzaliwa wa mji huo, aliibuni kwa kuikumbuka shule aliyosoma mwenyewe. Jean Brodie anawachagua wasichana wachache wa darasa lake wakiwa na umri wa miaka kumi hivi, anawaalika chai, anawasimulia mapenzi yake mahali pa somo la historia, anawasifia Mussolini na wafuasi wake wavaa mashati meusi, na hatimaye anajiona mwenye haki ya kupanga hata nani kati yao atapendwa na nani. Mtoto aliyechaguliwa hivyo hana njia ya kulalamika, kwa kuwa kuchaguliwa kunahesabiwa kuwa heshima, na kila anachopewa kinamfunga zaidi kwa mpaji, mpaka kumkatalia mwalimu kunakuwa sawa na kuikana nafsi aliyoumbiwa naye. Spark, aliyejiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1954, anaihusisha tabia hii na mafundisho ya John Calvin yaliyoota mizizi Uskoti, yanayoshikilia kwamba Mungu amekwisha kuamua tangu awali nani ataokoka na nani atapotea. Ni Sandy Stranger, mwanafunzi mwerevu kuliko wenzake, anayetambua kwamba mwalimu wake amejitwalia kiti cha Mungu huyo.

Mbinu inayobeba hoja hii ni kisengere mbele, yaani msimulizi kuruka wakati na kueleza litakalotokea kabla ya matukio kulifikia. Mapema kabisa msomaji anaarifiwa kwamba Mary Macgregor, msichana mzito wa akili anayelaumiwa kwa kila kosa la kikundi, atakufa katika moto wa hoteli akiwa na umri wa miaka 23. Baada ya hapo kila kemeo linalomwangukia Mary darasani, ambalo lingepita kama mzaha tu, linasomwa na mtu ajuaye maisha hayo yanakoishia, na msomaji aliyekwisha kucheka anajikuta ameketi upande wa Brodie. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ukali wa Zakaria kwa bintiye unaonekana kwanza, kisha madhara yake yanafuata. Spark anatanguliza madhara na kumwachia msomaji kazi ya kutafuta chanzo. Msimulizi wake naye, kwa kuwagawia wahusika vifo vyao katika sentensi moja moja, anafanya jambo linalofanana mno na analofanya mwalimu, na kutolificha hilo pengine ndio ujasiri mkubwa zaidi wa kitabu hiki. Riwaya ndefu ingempa msomaji nafasi ya kumzoea Mary na kumwonea huruma. Ufupi unamnyima nafasi hiyo, na unyimaji huo ni wa makusudi.

Suala la usaliti linapaswa kusomwa katika mwanga huohuo. Mwalimu mkuu, Bi Mackay, anatafuta kwa miaka kadhaa kashfa ya mapenzi itakayomwondoa Brodie, asiipate, hadi Sandy anapomwelekeza kwenye siasa, baada ya kugundua kwamba Brodie alimhimiza Joyce Emily Hammond, msichana aliyetamani mno kuingia kikundini, aende Hispania kupigana upande wa Franco, naye akafa safarini treni yake iliposhambuliwa. Brodie analazimishwa kustaafu mwaka 1939. Sababu za Sandy hazibainishwi zote, na msomaji anayemfanya kuwa mkombozi anasahau kwamba miaka mingi baadaye, akiwa mtawa, bado anamtaja Brodie kama aliyemwathiri zaidi. Uongozi, kwa upande wake, ulihitaji kisingizio na ukapewa. Kwa kuwa siasa zilitosha kumwondoa mwalimu, shule haikuwa na haja ya kuchunguza alichowatendea wanafunzi wake, na kuhusu Mary Macgregor hakuna kiongozi wa Marcia Blaine aliyeuliza swali lolote.