Mtu-Panya Anasimulia Vita

Nezumi Otoko, yaani Mtu-Panya, haogi. Ana sharubu, meno yaliyochomoza, na joho moja chakavu asilolibadilisha. Akibanwa kwenye kona, silaha yake kubwa ni kujamba. Katika katuni ya watoto ya GeGeGe no Kitaro, iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani tarehe 3 Januari 1968, Kitaro ni mtoto wa vibwengo anayewalinda binadamu. Mtu-Panya, nusu binadamu nusu kibwengo, ni rafiki yake, na humuuza rafiki huyo kila anaponusa pesa. Mpango unamharibikia, Binti-Paka anamparura uso, na katika kipindi kingine karudi, hana hata aibu. Katuni hiyo imetengenezwa upya mara kadhaa, hadi toleo la 2018, na kila mara yumo.

Kilichonivuta kwake ni kazi nyingine aliyopewa. Mwaka 1988 mchoraji aliyemuumba, Shigeru Mizuki, alianza kuchapisha historia ya enzi ya Showa kwa michoro, vitabu vinane kwa jumla. Showa ni enzi ya mfalme Hirohito, tangu 1926: uvamizi wa Manchuria, Pearl Harbor, mabomu ya atomiki, kisha utajiri. Kwa habari nzito namna hiyo ungetarajia msimulizi awe profesa, au mjane, au walau Kitaro. Mizuki alimpa Mtu-Panya. Ndiye anayejitokeza kwenye kurasa na joho lake, akieleza siasa za majenerali.

Mizuki aliijua vita kutoka chini kabisa. Alizaliwa 1922, akakulia Sakaiminato, mji wa wavuvi, kisha akaingizwa jeshini na kupelekwa kisiwa cha New Britain, karibu na Rabaul. Kikosi chake kidogo kiliposhambuliwa, wenzake waliuawa. Yeye alikimbia msituni siku kadhaa mpaka akawafikia Wajapani wenzake, na wakubwa wakamkemea kwa kupoteza bunduki na kurudi hai. Baadaye, akiwa hoi kwa malaria, bomu la ndege za adui likamkosesha mkono wa kushoto. Michoro yote iliyompa jina aliichora kwa mkono uliobaki.

Kurudi hai lilikuwa kosa kwa sababu jeshi lilikuwa na neno lake. Tangu 1943 taarifa rasmi ziliita kifo cha kikosi kizima gyokusai, kuvunjika kama kito. Neno zuri mno, na ndiyo hatari yake: askari aliyekufa kwa njaa au kwa amri ya kipumbavu anageuka johari. Mwaka 1973 Mizuki alitoa kitabu chenye neno hilo kwenye jina lake, kuhusu askari wanaoamriwa kufa ilhali wangeweza kuishi.

Sasa mtazame Mtu-Panya. Ni mwoga, mlafi, anakimbia. Hakuna jenerali angeweza kumgeuza kito. Nadhani Mizuki alimwamini kwa sababu hiyo hasa: mtu asiye na heshima ya kulinda hana sababu ya kuipamba vita. Tena anajua ulaghai unavyofanya kazi. Wake ni wa senti mbili, wa majenerali ulikula mamilioni ya watu.

Hirohito alifariki tarehe 7 Januari 1989. Televisheni ziliondoa vipindi vya burudani, nchi ikanyamaza. Vitabu vya Mizuki vilikuwa bado vinatoka, na anayenuka akaendelea kusimulia. Mwaka huohuo kazi hiyo ilipata tuzo ya manga ya Kodansha.

Mizuki alifariki 2015. Ukienda kwao leo kwa treni kutoka Yonago, unapanda kwenye jukwaa namba sifuri, linaloitwa Kituo cha Nezumi Otoko. Kitaro kapewa kituo cha mwisho wa reli.