Taamuli Iliyotoka Msitu wa Ledi

Siku ya 29 Novemba 1885, Mfalme Thibaw wa Burma alitolewa katika kasri lake la Mandalay, akapandishwa kwenye gari la kukokotwa na ng'ombe pamoja na malkia wake, Supayalat, huku askari wa Kiingereza wamewazunguka. Mtoni meli ya mvuke ilikuwa inangoja. Vita vilikuwa vimechukua wiki mbili tu. Thibaw alipelekwa Ratnagiri, pwani ya magharibi ya India, na huko akafia mwaka 1916 bila kuiona tena nchi yake.

Kwa Waburma, msiba huo haukuishia kwenye kiti cha enzi. Mfalme ndiye aliyekuwa mlinzi wa dini. Alijenga mahekalu, aliwatunza watawa na kumteua mkuu wao. Mindon, baba yake Thibaw, aliyachonga maandiko matakatifu kwenye mabamba 729 ya marumaru, kila bamba likasimama ndani ya kibanda chake cheupe, kwa sababu Wabudha wa huko huamini kwamba mafundisho ya Budha nayo yana umri wake: yatadhoofika polepole, kisha yatatoweka duniani. Sasa mlinzi kachukuliwa. Nani atayashika?

Leo taamuli ya Kibudha hutajwa kama dawa ya mtu binafsi, njia ya kutuliza mawazo na kutafuta furaha yake peke yake. Asili ya aina mojawapo iliyoenea sana si hiyo. Ilitokana na hofu ya watu waliotekwa, waliodhani kwamba wao huenda ndio kizazi cha mwisho kuijua dini yao.

Mtu aliyeibeba hofu hiyo akaigeuza kazi alikuwa mtawa aliyezaliwa kijijini mwaka 1846, akasomea Mandalay, kisha akaweka makazi katika msitu wa Ledi, karibu na mji wa Monywa. Watu wakamwita Ledi Sayadaw, yaani mwalimu mtukufu wa Ledi. Mabamba ya marumaru hayakumtosha. Aliona kwamba dini itadumu ikiwa itaingia vichwani na miilini mwa walei: wakulima, wachuuzi, mama wa nyumbani. Akazunguka mijini na vijijini akihubiri, vitabu vyake vikapigwa chapa, na elimu ngumu ya dini akaitungia beti za Kiburma ambazo watu walizikariri. Msomaji wa pwani yetu, ambako tenzi zimefundisha dini vizazi na vizazi, hatashangaa kwamba beti hizo zilifika mbali kuliko hotuba.

Kisha akawafundisha kuketi kwa taamuli. Hilo ndilo lililokuwa geni. Kabla ya hapo taamuli iliachiwa wakaa-pweke wachache wa msituni, na hata watawa wengi hawakuwa na mazoea nayo.

  

Miongoni mwa wanafunzi wa Ledi alikuwa mkulima wa Pyawbwegyi, kijiji kilicho ng'ambo ya mto kutoka Rangoon. Alizaliwa mwaka 1873, akaanza kazi angali mvulana, akiendesha gari la ng'ombe lililosheheni mpunga. Kipindupindu kilipoingia kijijini kilimchukulia watoto wawili. Mtu huyu, anayejulikana kama Saya Thetgyi, aliondoka nyumbani akatafuta walimu kwa miaka mingi, na mwishowe Ledi mwenyewe akamwambia awafundishe wengine. Mkulima asiye na kanzu ya utawa, mwalimu wa taamuli! 

Mwaka 1937 alipata mwanafunzi aliyekuwa mtumishi wa idara ya hesabu ya serikali, U Ba Khin. Burma ilipopata uhuru tarehe 4 Januari 1948, mtumishi huyo akawa Mhasibu Mkuu wa Serikali, na ofisini kwake wafanyakazi wakaanza kuketi taamuli. Mwaka 1952 akafungua kituo Rangoon.

Huko ndiko alikokuja, mwaka 1955, mfanyabiashara S. N. Goenka, Mhindi mzaliwa wa Mandalay. Aliteswa na kipandauso kikali kiasi kwamba alikuwa akidungwa mofini, na madaktari wa nje ya nchi hawakumfaa. U Ba Khin kwanza alimkatalia. Alisema kituo si hospitali, na anayekuja kutibu kichwa ameishusha thamani njia yenyewe. Goenka alirudi baadaye na nia nyingine, akapokelewa.

Kozi ya njia hiyo ni ya siku kumi, na kengele hulia saa kumi alfajiri. Hakuna kuongea, hakuna kitabu, hakuna barua. Siku za mwanzo mtu huangalia pumzi tu, pale chini ya pua juu ya mdomo, inapoingia na inapotoka. Akili hukimbilia deni, ugomvi wa mwaka jana, chakula. Naye huirudisha, tena na tena. Siku ya nne huanza kupitisha uangalifu mwilini, utosini hadi vidoleni, akitazama kila maumivu na kila mnyeo bila kuufukuza wala kuung'ang'ania, mpaka aone mwenyewe kwamba hakuna kinachokaa. Anayejua itikafu ya kumi la mwisho la Ramadhani anaujua uzito wa siku kama hizo, ingawa huko mtu huketi mbele ya Mola wake, na hapa huketi na mwili wake.

Jenerali Ne Win alipotwaa madaraka mwaka 1962, biashara zilitaifishwa na Wahindi wengi wakaondoka. Mwaka 1969 Goenka alivuka kwenda India na kuendesha kozi yake ya kwanza Mumbai. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa wanafunzi wachache walioketi. Mwaka 1976 kituo cha Igatpuri kilifunguliwa. Ada hakuna hadi leo: anayemaliza siku zake, akipenda, hutoa anachoweza kwa ajili ya atakayemfuata.

Aprili 1994, katika gereza la Tihar mjini Delhi, wafungwa zaidi ya 1,000 waliketi pamoja kwa siku kumi, Goenka akiwa mbele yao.  Kozi ilipokwisha, kituo cha kudumu kilifunguliwa humohumo ndani ya kuta.