Kutoka Kijiko cha Bright hadi Rejista ya Daktari wa Familia

Mwaka 1827 Richard Bright, daktari wa Hospitali ya Guy's jijini London, alichapisha taarifa za wagonjwa waliovimba uso na miguu, ambao mkojo wao uliganda ulipopashwa moto na ambao, maiti zao zilipopasuliwa, walikutwa na figo zilizoharibika. Kipimo chake kilikuwa chepesi mno: mkojo kidogo ulitiwa katika kijiko na kushikiliwa juu ya mshumaa, na kama ulikuwa na albumini, yaani protini ya damu ambayo figo yenye afya huizuia isipotee, uliganda kama ute wa yai. Domenico Cotugno wa Napoli alikwisha kuona mgando huo katika karne ya 18. Mchango mkubwa wa Bright ulikuwa kuunganisha uvimbe, mkojo na figo kuwa ugonjwa mmoja.

Hata hivyo, aliyekwisha kuvimba alikuwa amechelewa, hivyo ilihitajika njia ya kuubaini ugonjwa mapema. Kipimo cha kreatinini, taka ya misuli inayochujwa na figo, kilitokana na mmenyuko wa rangi ulioelezwa na Max Jaffe mwaka 1886, lakini nacho kilipotosha, kwa kuwa ajuza aliyekonda huweza kupata kiwango kinachoitwa cha kawaida ilhali figo zake zimepoteza nusu ya nguvu. Ndiyo maana kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976 ya kukadiria uchujaji wa figo kutokana na kreatinini, iliyozingatia umri, uzito na jinsia, ina thamani kuliko mashine nyingi. Mwaka 2002 mwongozo wa Marekani ulitaja ugonjwa sugu wa figo kuwa hitilafu inayodumu miezi 3 au zaidi, ukaugawa katika hatua 5. Na mwaka 2006 maabara za Uingereza zilianza kukokotoa kasi ya uchujaji wa figo zenyewe, huku madaktari wa familia wakilipwa kwa kuweka rejista ya wagonjwa wa figo na kudhibiti shinikizo lao la damu.

Kanuni iliyotumika wakati huo, iliyotokana na utafiti wa Marekani wa mwaka 1999, ilipandisha matokeo ya mtu mweusi kwa takriban moja ya tano, nayo ikaenea hadi katika maabara za Afrika. Kosa hilo lilikuwa zito: mgonjwa aliweza kuonekana mzima kuliko alivyokuwa, na rufaa yake kwa bingwa wa figo ikaweza kucheleweshwa, hadi mwaka 2021 kanuni mpya isiyouliza rangi ilipopendekezwa nchini Marekani.