Upepo wa Cape Town na Somo la Msamiati

Tarehe 3 Februari, 1960, Harold Macmillan, Waziri Mkuu wa Uingereza, alisimama mbele ya wabunge wa Afrika ya Kusini mjini Cape Town, akatoa hotuba ambayo walimu wengi wa Kiingereza wameigeuza kuwa chemchemi ya msamiati. Alisema ya kuwa upepo wa mabadiliko unavuma katika bara hili. Maneno yenyewe ni mepesi, na mtoto wa mwaka wa pili wa Kiingereza huyajua yote. Lakini kuyajua maneno na kuielewa hotuba ni mambo mawili mbalimbali.

Yafaa ikumbukwe kwamba mfano huo haukuanza Cape Town. Mwezi Januari, akiwa Accra, Macmillan alikuwa ameutumia, na ulimwengu haukushtuka. Ghana ilikuwa imejitawala tangu mwaka 1957. Kuwapa watu wa Accra habari za upepo huo kulikuwa sawa na kumwambia nahodha aliyekwisha tia nanga kwamba upepo wa kusi umeanza kuvuma. Cape Town mambo yalikuwa mengine. Waliosikiliza pale ndio waliotunga sheria za ubaguzi wa rangi, na upepo uliotajwa ulielekea milangoni mwao.

Neno ambalo limenitaabisha zaidi si “upepo”, bali ni “fact”. Macmillan alisema kwamba kuamka kwa utaifa wa Waafrika ni “fact” ya kisiasa, watu wapende wasipende. Wanafunzi wangu hulitafsiri “ukweli”, nami kwa miaka mingi sikuwasahihisha, maana kamusi yangu ndogo ilisema vivyo hivyo. Kumbe “ukweli” una sifa ndani yake; mtu husimama upande wa ukweli. Alichokitaja Macmillan ni jambo lililopo, ambalo mtu hulazimika kulikubali hata kama linamchoma. Hapo hakusema kuwa ni haki ya Waafrika. Hiyo ndiyo lugha ya mabalozi, na hapa Rwanda, tangu serikali ilipoamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kitumike kufundishia badala ya Kifaransa, wengi wetu tulikimbilia orodha za maneno bila kuwa na nafasi ya kuitazama lugha ya namna hiyo.

Kisha alisimama Hendrik Verwoerd, Waziri Mkuu wa nchi ile, kumjibu mgeni wake. Alidai “justice” si kwa mtu mweusi peke yake, bali kwa mtu mweupe wa Afrika pia. Kamusi itasema “haki”, na haitakosea. Lakini tarehe 21 Machi, mwaka ule ule, polisi waliwapiga risasi watu waliokusanyika Sharpeville kupinga sheria za pasi. Hesabu rasmi ya wakati ule ilikuwa watu 69 waliokufa. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Mei, Afrika ya Kusini ikatoka katika Jumuiya ya Madola.

Siku hizi huandika tarehe hizo mbili za mwaka 1960 ubaoni, na chini yake neno “justice” peke yake. Mara ya kwanza nilitenga dakika kumi. Kengele ya kipindi ililia wanafunzi wangali wanabishana, nusu yao kwa Kiingereza.